Nilifika mpaka ku mulango ya mukutano, nikarudi

Tantine, jambo,

Niko mama ya miaka 37, batoto batatu, nauzishaka bitenge mu soko ya Kadutu. Naomba usitaje jina yangu na hata kartie yangu usiseme, juu Bukavu ni kadogo sana, ukipiga chafya Nyawera mutu wa Panzi anakuambia pole.

Shida yangu ni pombe. Nimeandika hii neno na kuifuta mara tatu, sasa naiacha vile.

Haikuanza jana. Mama yangu alikufa 2021, ku kilio balikuwa banapitisha kasiksi, ile pombe ya ndizi, mu vikombe, na mi ambaye nilikuwaka nakunywa paka Fanta nikachukua kimoja juu nipate usingizi. Nililala vizuri sana ile usiku, njo ilinidanganya. Bwana yangu anatafutaka zahabu Kamituga, anakuyaka nyumbani kila miezi tatu, saa ingine ine, kwa hiyo magaribi hakuna mutu mukubwa wa kuniona. Kikombe kimoja, kisha mbili, kisha nikaingia mu Primus. Vita ilipofika hapa mwezi wa pili 2025 biashara ilikufa, benki zikafungwa, hata kiwanda ya bere ikaporwa, Primus ikakuwa ya kutafuta na tochi, nikasema basi Mungu amenisaidia nitaacha bila kupenda. Kumbe dada moja mwenye kibanda pembeni yangu akanionyesha kanyanga, ile pombe kali ya kupikwa. Akasema inapitisha mawazo na bei yake iko chini.

Sasa naibebaka mu termosi. Batu banaona mama anakunywa chai yake. Asubui mbele ya kufungua kibanda mikono inatetemeka siwezi kushika makasi, siku moja nilikatia mama fulani kitenge, ile mustari ikapinda kama nyoka, akaniangalia mikono, hakusema kitu, alilipa na hakurudia tena kwangu. Nikikunywa vifuniko viwili mikono inatulia, nakata sawa vile fundi. Binti yangu wa miaka 9 alifungua ile termosi akazania ni chai kweli, akanusa akasema "mama, chai yako inanuka dawa ya kidonda". Nikamuambia ni dawa ya tumbo. Toka ile siku kila asubui mbele ya kwenda masomo ananiulizaka: mama, tumbo imepona?

Nilijaribu kuacha miye mwenyewe. Niliapa Jumapili, nikamwanga yote mu mufereji, siku ya pili magaribi nikaanguka mu jikoni, nikajiuma ulimi, nikajikojolea, batoto banalia, majirani bakaita bamama ba chumba ya maombi. Bakasema ni pepo inapigana juu ya kutoka, banifungishe siku tatu kavu. Ile usiku usiku nikatoroka nikaenda kunywa, na haya yenye nilisikia ilipita ya mbele.

Sasa kuna mama moja wa shirika yetu ya sala, sijue kama alijua ao alibahatisha tu, aliniambia polepole kisha sala kwamba kuna kikundi ya batu banaacha pombe, banakutanaka Jumanne saa kumi mu chumba iko nyuma ya kanisa moja. Nikaenda, Tantine. Nilivaa vizuri na nikaenda. Mulango ilikuwa wazi kidogo, nikachungulia nikahesabu migongo, banaume saba, hakuna hata mwanamke, na moja kati yao ni ule kijana mwenye anauzishaka kadi za telefone karibu kabisa na kibanda yangu. Nikajifanya natafuta choo. Nikarudi, na mu njia nikapitia kwa mama wa kanyanga.

Nitaingia vipi mule kama ni banaume tupu na bananijua? Hakuna fasi ingine? Banafanyaka nini mule ndani, banakusimamisha useme zambi zako mbele ya bote? Banalipishaka? Na bwana yangu anarudi mwisho wa mwezi, sijue nimuambie ao niache kwanza nimalize halafu njo nimuambie.

Mama wa termosi, Bukavu

JIBU

Mama wa termosi, jambo, na aksanti juu ile neno hukuifuta mara ya ine.

Ya mukutano nitakujibu, lakini ngoja kidogo, kuna kitu umeandika mbio mbio kama mutu anaruka shimo ya maji mu barabara, ile ya kuanguka mu jikoni. Mudogo yangu, sioni pepo pale. Mutu mwenye mwili yake imezoea pombe kila siku, akiikata mara moja, ubongo yake inakuwa kama lori yenye ilikuwa inashikwa na freni na sasa freni imeachika ku mutelemko. Mikono inatetemeka masaa machache tu kisha kikombe ya mwisho, wewe mwenyewe unaijua kila asubui. Kifafa inaweza kukuja ndani ya siku mbili za kwanza, sawa vile yako, na kati ya siku ya pili na ya ine kuna batu banaanza kuona vitu vyenye haviko, joto inapanda, banachanganyikiwa, na hiyo inauaka. Bale bamama ba maombi banakupenda, sikatai, na sikuambie uache kusali. Lakini kufungisha mutu kavu bila maji mu hali ile, balikuwa karibu bakuzike.

Kwa hiyo usirudilie tena ile ya kumwanga yote Jumapili. Nasikiaka hii kosa kila mara, mutu anataka kujisafisha kwanza peke yake ndio afike mbele ya batu akiwa safi, ni kama kuosha vyombo mbele ya kupeleka ku mufereji. Munganga ni wa kwanza. Umuambie kiasi gani, toka lini, na ile ya kuanguka usiifiche hata kama anakuuliza ukiwa na mutu pembeni. Hapa Bukavu kuna SOSAME, kituo ya magonjwa ya akili ya Frères de la Charité, na najua, najua, ukitaja SOSAME mu mutaa batu banawaza paka wazimu wa kutembea uchi, lakini pale banatunzaka na batu ba pombe, na infirmie wa pale ameshasikia habari kuliko yako hata chai yake haipoi. Kama miguu inakataa SOSAME, anzia ku lopitali ya karibu nawe, bakuelekeze. Kawaida banapana dawa ya kutuliza kwa siku chache, banaipunguza kidogo kidogo, na vitamini B1 juu pombe inamalizaka hiyo mu mwili. Wewe usijinunulie vidonge vya usingizi pa farmasi ya barabara halafu ukachanganya na kanyanga, pumzi inaweza kuzima usiku batoto banalala pembeni yako. Mpaka umuone munganga usikate ghafla, na umuone wiki hii, si mwisho wa mwezi, juu kanyanga yenyewe ni bahati nasibu, ikipikwa vibaya inabebaka metanoli na metanoli inapofushaka macho.

Na ukiwa pale uliza ya kikundi. Batu banawaza wataona kibao ku barabara, "hapa njo balevi banakutana". Hakuna kibao. Infirmie, padri, mama wa Caritas ku parokia, hao njo banajua kikundi gani kinakutana, siku gani, chumba gani, juu hivi vikundi vinahamahamaka. Usiulize "balevi bako wapi", uliza "niko na ndugu anataka kuacha pombe, nimupeleke wapi". Ndugu ni wewe, hiyo hawatajua.

Sasa tuje ku mulango.

Ule kijana wa kadi. Umeshawaza yeye atasema nini mu soko? Atasema: nilimuona mama wa bitenge mu mukutano ya balevi. Na mutu wa kwanza kumusikia atamuuliza, na we kule ulikuwa unatafuta nini? Mudogo yangu, huyo anakuogopa kuliko vile unamuogopa, na kama alikuona unachungulia, yeye pia ile usiku hakulala vizuri. Mu vikundi hivi sharti ni kwamba mwenye umemuona mule na chenye umesikia mule vinabaki mule. Sitakuapia kwamba hakuna mutu ameshavunja, mudomo ni mudomo na Bukavu ni Bukavu, lakini ukipima hatari ya kijana wa kadi na hatari ya termosi, ile ya termosi njo kubwa.

Mule ndani banafanyaka nini? Mi sikunywaka, lakini kaka yangu mukubwa ndiyo, na wakati tuliishi Nairobi nilimusindikiza miezi sita ku mikutano ya Alcoholics Anonymous, balevi banasaidiana kuacha pombe, batu banasema tu AA. Kuna mikutano ya wazi, hata ndugu ao mugeni anaingia, mi nilikuwa naketi kule nyuma, na kuna ya kufunga, ya bale tu wenye shida ya pombe ni yao. Nilizania nitakuta kitu kama baraza ya kuhukumu batu. Nikakuta viti vya plastiki, chai imepoa, mutu moja anasoma karatasi na sauti ya usingizi. Kisha mwenye anataka anataja jina yake ya kwanza, paka ya kwanza, anasema yeye ni mulevi, anaeleza yake dakika chache, na hakuna anamukatiza, hakuna anamushauri. Hiyo ya kutomushauri ilinisumbua sana mi ambaye kushauri njo kazi yangu, nilikuwa nauma midomo pale nyuma. Kaka yangu wiki tano nzima zamu ikifika kwake anasema "napita", na banapita kweli, hakuna mutu anageuza hata shingo. Wiki ya sita alisema maneno kama kumi hivi, kwamba aliuzisha simenti ya ukuta wa kaburi ya baba juu ya pombe. Mi sikuwa najua. Mwanaume moja pembeni akasema yeye aliuzisha mabati ya mama yake, na kaka yangu akacheka, mara ya kwanza mwaka ule namusikia anacheka bila kuwa amekunywa.

Zambi basi hausimamishwi kusema. Kulipa pia hapana, mwisho kapu inapita juu ya chai na chumba, mwenye hana anapitisha kwa jirani. Mutu akikuomba dola za kuandikisha jina, ao anakuuzia mafuta ya kumwanga mu kikombe, toka hata kama amevaa nguo gani. Sharti ya kuingia ku AA ni moja tu, utamani kuacha. Angalia vizuri hiyo neno, utamani. Hata siku yenye ulikunywa unaweza kuingia, unaketi unasikiliza. Kikundi chenu cha nyuma ya kanisa labda kinafanya kidogo tofauti, kuna vinaanza na rozari, kuna vinaanza na wimbo, lakini mambo ya katikati yanafananaka.

Ile ya banaume tupu sitaidharau, mwanamuke mulevi kwetu anabeba haya mara mbili, mwanaume akilewa banasema amechoka na maisha, mama akilewa banauliza nani amezaa batoto bale. Lakini sikiliza hao AA balianza vipi. Mwaka wa 1935 mwanaume moja wa New York, Bill W., alikuwa na miezi michache tu bila kunywa, kazi ikamupeleka muji ya Akron kule Ohio, Marekani, ile biashara ikaharibika, akabaki mu hoteli peke yake, upande moja baa na kicheko ya batu, upande ingine telefone. Akaanza kupigia makanisa anatafuta mulevi mwingine wa kuongea naye. Hakutafuta padri wala munganga, alitafuta mulevi. Bakamufikisha kwa munganga moja wa upasuaji mwenye pombe ilikuwa inamumaliza, Dr Bob, na tarehe 10 mwezi wa sita mwaka ule Dr Bob akakunywa ya mwisho, banahesabuka kuzaliwa kwa AA toka siku ile. Batu babili. Hakukuwa chumba nyuma ya kanisa, hakukuwa Jumanne saa kumi. Miaka ine nyuma yake, 1939, mama moja anaitwa Marty Mann, kati ya banamuke ba kwanza kabisa, akaingia mu nyumba ya Brooklyn imejaa batu hawajui, karibu bote banaume, anatetemeka. Alibaki, na mwaka wa 1944 alianzisha shirika ya kufundisha Bamerika kwamba ulevi ni ugonjwa.

Wewe hautafuti umati basi, unatafuta mwanamuke moja. Na mi nazania tayari uko naye. Ule mama wa shirika, unasema sijue kama alijua ao alibahatisha. Mudogo yangu, mutu habahatishi siku, saa na chumba. Huyo anajua ile fasi, ao juu yake, ao juu ya mutoto wake, ao bwana yake ni moja ya ile migongo saba. Nenda kwake magaribi moja bila termosi, muambie tu "nisindikize Jumanne". Sisi batu ba hapa kukutana tunajua, likelemba ya kuchangiana feza tunakutana, AVEC ya kuweka akiba tunakutana na sanduku yetu ya funguo tatu, kilio tunakutana mpaka mivua inatunyeshea, kwa hiyo mabibi babili kuketi pamoja kila Jumanne hakuna mutu mu kartie atashangaa, batasema ni likelemba.

Siku hautaweza kutoka, juu kutembea magaribi siku hizi kila mutu anajua vile iko, kuna mikutano ya AA ya Kifaransa ku telefone, kila siku. Zima kamera, juu haya na juu mega pia, video njo inakula mega, sauti peke yake haikulaki mingi. Andika jina yoyote. Angalia tu saa, banatangazaka saa ya Paris na sisi hatubadilishaki saa, toka mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa kumi tuko sawa nabo, mu ile miezi ingine tuko mbele yabo saa moja. Kaka yangu kisha kurudi hapa alikosa ya kwanza hivyo hivyo, aligeuza hesabu, akaingia batu banaagana.

Ya kibanda haraka haraka. Ile termosi usitie tena hata chai ya kweli, mukono iko na akili yake, nunua ingine ya rangi ingine. Usibadilishe kanyanga na mutobe ukizania ni maji ya ndizi tu, ya leo ndiyo, ya kesho kutwa imeshakuwa kasiksi. Dada wa pembeni akikuletea, muambie munganga amekukataza juu ya tumbo. Hapo ile uongo ya tumbo naikubali.

Kwa binti siikubali. Mutoto wa miaka 9 mwenye alikuona umeanguka mu jikoni, halafu anakuuliza tumbo kila asubui, huyo haulizi tumbo. Muambie kifupi, mama iko mugonjwa, ni pombe inamugonjesha, si kosa yako, naenda kutibiwa. Usimuapie kitu. Na akiuliza mambo mengine jibu yenye unajua.

Bwana yako muambie, na usingoje kumaliza, juu hii kitu haina siku ya kumaliza, kaka yangu ana miaka kumi na moja bila kunywa na bado anahesabu leo. Lakini muone munganga mbele yake, ili umuambie "nimeanza dawa" na si "niko na shida" peke yake, banaume banasikiaka muzuri kitu chenye kimeshaanza. Asubui, si usiku amefika amechoka na safari ya Kamituga. Kama ni mutu wa kupiga, usimuambie mukiwa babili tu, dada yake ao mama wa shirika awe mu nyumba. Na yeye pia kuna kikundi yake, ndugu ba balevi baliundaka Al-Anon mwaka wa 1951, uulize ku kikundi kama banajua ya karibu ao ya telefone.

Jumanne basi, kama munganga amekuruhusu kutembea. Mutoke nyumbani pamoja na ule mama, mufike dakika kumi na tano mbele ya saa kumi, mbele ya bale banaume. Mwenye anafika wa kwanza njo anapanga viti, na mutu mwenye anapanga viti hana wakati ya kutafuta choo.

Tantine